Mwenye Macho Huambiwa Tazama: Maelezo Juu ya Kutazama, Kuona, na Kugongana kwa Ndege Angani

I. Chanzo cha swali

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala juu ya ngeli, juu ya viambishi, na juu ya asili ya maneno. Makala haya nayo yahusu maneno. Lakini maneno yenyewe yamefungamana na jambo ambalo limekwisha kuua watu wengi, na kwa sababu hiyo naomba radhi nikianza mbali kidogo na sarufi.

Mwezi wa Machi mwaka 2024 nilikuwa Mikese, safari ya chini ya saa moja kwa gari mashariki ya mji wa Morogoro, nyumbani kwa mama yangu mkubwa. Pamoja nasi alikuwapo mwana wa dada yangu, kijana anayesomea urubani. Jioni redio ilieleza ajali iliyotokea Nairobi asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 ya mwezi ule. Ndege ya abiria aina ya Dash 8, ya kampuni ya Safarilink, ilikuwa imeruka kutoka kiwanja cha Wilson kuelekea Diani katika pwani ya Kenya, nayo ilichukua watu 44. Muda mfupi baada ya kuruka iligongana angani na ndege ndogo aina ya Cessna 172, ya chuo cha urubani cha Ninety-Nines, iliyokuwa katika mazoezi. Ile kubwa iliweza kurudi Wilson na watu wake wote wakiwa hai. Ile ndogo ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi wake, wakafa wote wawili.

Mama mkubwa alipunguza sauti ya redio akauliza, "Mchana kweupe? Walikuwa hawana macho?"

"Macho walikuwa nayo, bibi," kijana akajibu.

"Basi hawakutazama."

"Mtu aweza kutazama, bibi, na asione."

"Hayo ni maneno ya kujitetea," akasema mama mkubwa. "Wazee walisema, mwenye macho haambiwi tazama."

Kijana akanigeukia. "Mjomba, wewe ndiwe mtu wa maneno. Mweleze bibi."

Jioni ile sikuwa na maelezo ya kumtosheleza. Makala haya ndiyo maelezo niliyoyakosa. Sikusudii kuhukumu nani alikosa na nani hakukosa katika ajali ya Nairobi. Hiyo ni kazi ya wachunguzi waliowekwa kwa sheria. Nakusudia kueleza jinsi watu wenye macho mazima, katika anga safi, waendavyo kugongana na kitu kilicho mbele yao. Na kuonyesha kwamba Kiswahili kimekuwa nacho tangu zamani chombo cha kulieleza jambo hilo vema, ila sisi wasemaji wake hatukitumii sawasawa.

II. Kutazama ni tendo, kuona ni tokeo

Kwa kawaida maneno *kutazama* na *kuona* hutolewa katika kamusi karibu karibu, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Tukiyapima kwa sentensi twaona tofauti yake mara moja. Twaweza kusema, "Alitazama kwa makusudi". Lakini "Aliona kwa makusudi" ni sentensi inayokwaruza sikio. Twaweza kusema, "Alitazama asione," na kila mtu ataelewa. Wala hakuna atakayesema kwamba msemaji amejipinga mwenyewe. Kutazama, pamoja na jamaa zake *kuangalia*, *kuchungulia*, *kukodoa* na *kukagua*, ni tendo la hiari ya mtu. Kuona ni tokeo linalomjia mtu, au lisimjie. Na baada ya kuona liko tokeo la tatu, nalo ni *kutambua* au *kubaini*: mtu aweza kuona doa jeusi angani asitambue kwamba ni ndege.

Katika kuamrisha, tofauti hii yadhihirika zaidi. Mtu huambiwa "Tazama!" hata kama anayesema naye hajaona kitu. Lakini anayesema "Ona!" kwa kawaida ni mtu ambaye yeye mwenyewe amekwisha kuona, naye ataka mwenzake apate alichokipata. Kwa maneno mengine, mtu huamriwa kutazama; kuona hujaliwa.

Sasa tuiangalie sheria ya anga. Ndege zinapokwenda katika hali ya hewa iliyo safi bila kutegemea vyombo, desturi ya mataifa yote huwataka marubani wajiepushe wenyewe na ndege nyingine kwa macho yao. Kanuni hiyo hujulikana kwa jina la *kuona na kuepa*. Msomaji ataona upungufu wake papo hapo: kanuni haikumwamuru rubani kutazama, jambo ambalo liko katika uwezo wake, bali kuona, jambo ambalo halimo katika uwezo wake lote.

Gharama ya upungufu huo ilijulikana zamani. Tarehe 30 Juni 1956, juu ya bonde la Grand Canyon huko Marekani, ndege mbili kubwa za abiria, moja ya TWA na moja ya United, ziligongana katika eneo ambalo kila rubani alitegemewa ajionee mwenyewe. Watu wote 128 walikufa. Ajali ile ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za Marekani kuunda, mwaka 1958, mamlaka mpya ya kusimamia anga.

III. Jicho la mwanadamu

Kiswahili kimeipa eropleni jina la ndege, lakini sarufi haikudanganyika: mwewe *anaruka*, eropleni *inaruka*. Chombo hakioni. Anayeona ni mtu aliyefungiwa ndani yake, naye macho yake ni yale yale aliyopewa kwa kutembea kwa miguu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jicho halioni sawasawa kila upande. Sehemu inayoona kwa ukali kabisa, iliyo katikati ya ukuta wa nyuma wa jicho, hushika eneo dogo sana, kiasi cha upana wa kidole gumba kilichonyoshwa mbele kwa urefu wa mkono. Msomaji na ajaribu sasa hivi: akaze macho juu ya neno moja la mstari huu, kisha, bila kuyahamisha, ajaribu kusoma neno la tano kutoka hapo. Ataona kwamba maneno yapo, lakini herufi zimekuwa ukungu. Hivyo ndivyo rubani aonavyo sehemu kubwa ya anga iliyo mbele yake.

La pili, jicho haliteleziki juu ya vitu kama maji. Huruka kutoka kituo hata kituo. Sisi tunaochunguza usomaji twalijua jambo hili, maana jicho la msomaji hupita juu ya mstari kwa vituo na miruko, na wakati wa mruko halipati habari ya maana. Rubani anayeyapitisha macho yake haraka kutoka dirisha la kushoto hata la kulia hudhani ameikagua anga yote. Kwa kweli amekagua vituo vichache tu. Kwa hiyo marubani hufundishwa kuigawa anga katika vipande visivyozidi nyuzi 10, na kukaa juu ya kila kipande kwa sekunde 1 au zaidi. Haya, tupige hesabu. Kutoka bega la kushoto hata la kulia ni nyuzi 180, yaani vipande 18, yaani sekunde 18 kwa uchache. Na huo ni mstari mmoja tu, bila ya juu wala ya chini, bila kutazama saa za ndege, bila kusema na mnara kwa redio.

La tatu, kila jicho lina doa pofu, pale mshipa wake unapotokea kwenda kwenye ubongo. Macho mawili husaidiana, hili likafidia la lile. Lakini nguzo ya dirisha ikilikinga jicho moja, lile la pili hubaki peke yake na upofu wake.

La nne ni la ajabu zaidi. Jicho lisilo na kitu cha kukazia, kama katika anga tupu isiyo na wingu, halibaki limeelekea mbali. Hulegea, likajiweka tayari kwa kitu kilicho karibu, hata mita moja au mbili tu. Hapo rubani aweza kuwa anatazama mbele kwa bidii zote, na macho yake yakawa yamejipanga kuona vumbi la kioo badala ya ndege iliyo mbali.

IV. Kitu kisichosogea

Neno *rubani* lilikuwa la bahari kabla halijawa la anga. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo kupita miamba na mikondo hata kukifikisha bandarini. Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote katika habari hii nayo yatoka baharini. Nahodha akiona chombo kingine kinamkaribia hukipima kwa pembe. Ikiwa pembe yabadilika, kimoja kitapita mbele ya kingine. Ikiwa pembe haibadiliki, na huku umbali unapungua, vyombo hivyo vitagongana. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini zimelitaja jambo hilo waziwazi kuwa dalili ya hatari.

Atakaye mfano wa nchi kavu na aje Mikese. Mtu mmoja aenda kwa baiskeli katika barabara kuu. Mwenziwe aja kwa njia ya shamba inayokutana na barabara mbele. Kila mmoja aenda kwa mwendo usiobadilika, nao watafika panapokutana njia kwa wakati mmoja. Mwenye baiskeli akimtazama mwenziwe atamwona daima upande ule ule, juu ya bega lile lile, hata wakutane. Hatamwona akisogea mbele wala nyuma. Atamwona akikua tu.

Maana yake kwa rubani ni nzito. Pembezoni mwa jicho, ambako ukali ni mdogo, kinachotuamsha zaidi ni mwendo. Panya akipita ukutani twageuka bila kufikiri. Panya akitulia hatumwoni. Ndege ambayo haitatugonga husogea katika kioo, nayo mwendo wake hulivuta jicho. Ndege itakayotugonga hukaa pale pale, kama doa la mdudu aliyekufa juu ya kioo. Basi jicho huonywa juu ya ndege zisizo na madhara, na ile yenye madhara huachwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, nguzo ya dirisha huwa adui. Ndege nyingine, ikifichwa na nguzo, hutokea upande wa pili baada ya muda. Ile iliyo katika njia ya kugongana, kwa kuwa pembe yake haibadiliki, ikijificha nyuma ya nguzo hukaa nyuma ya nguzo mpaka mwisho. Dawa ni rubani kusogeza kichwa chake, si macho tu. Tena kila ndege ina upofu wake wa umbo. Cessna 172 ina bawa juu ya chumba. Waliomo huiona ardhi vizuri, lakini sehemu kubwa ya anga ya juu hufunikwa na bawa, na ndege inapopinda kona bawa lile huuziba upande ule ule inakoelekea. Ndege inayopanda nayo huinua pua, na pua ikaficha yaliyo mbele na chini.

V. Sekunde 12.5

Hata kitu kikionekana, kazi haijaisha. Mamlaka ya anga ya Marekani imewaandikia marubani hesabu ya muda unaohitajika tangu jicho kupata kitu hata ndege kugeuka. Kuona kitu: sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Kutambua kwamba ni ndege: sekunde 1. Kufahamu kwamba inakuja kugonga: sekunde 5. Kuamua upande wa kukimbilia: sekunde 4. Mkono na mguu kutenda: sekunde 0.4. Ndege yenyewe kutii: sekunde 2. Jumla ni sekunde 12.5. Msomaji na aangalie kwamba *kuona* kumechukua sehemu ndogo kabisa ya hesabu hiyo. *Kutambua*, *kufahamu* na *kuamua* ndiko kulikokula wakati.

Sasa tuchukue ndege mbili ndogo zinazokuja uso kwa uso, moja kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, nyingine kilomita 260. Zinakaribiana kwa kilomita 440 kwa saa, yaani kiasi cha mita 122 kwa kila sekunde. Sekunde 12.5 kabla ya kugongana, umbali baina yao ni kilomita moja na nusu. Bawa la Cessna 172, lenye mita 11 kutoka ncha hata ncha, kwa umbali huo huonekana dogo kuliko upana wa mwezi mpevu. Ni kama chembe ya mchele iliyoshikwa kwa mkono ulionyoshwa, nayo yaonekana kwa upande wake mwembamba. Hicho ndicho kitu ambacho rubani apaswa awe amekwisha kukiona, katika anga yote, kabla wakati haujampita.

Wala kitu hicho hakikui pole pole kwa kiasi sawa. Kila umbali unapopungua kwa nusu, ukubwa wake machoni huongezeka mara mbili. Zikibaki sekunde 3, bawa ni kama upana wa kidole gumba. Katika sekunde moja na nusu inayofuata huwa mara mbili ya hapo, kisha hujaza kioo ghafula. Waliookoka katika mikasa ya namna hii wakisema "ilitokea ghafula, sijui wapi," tusiwacheke. Kwa macho ya mwanadamu ndivyo inavyotokea.

Kwa hesabu tuliyoifanya, rubani mwenye bidii huhitaji sekunde 18 kuukagua mstari mmoja wa anga, naye hana budi kuwa ameona kabla ya sekunde 12.5 za mwisho. Huenda ndege ile ikaingia katika upeo wa jicho mara tu baada ya jicho kuondoka pale. Hapo rubani ametazama, tena ametazama kama alivyofundishwa, na hakuona.

VI. *Anapita*, *amepita*, *sijaona*

Mpaka hapa nimesema juu ya macho. Sasa narudi katika shamba langu, maana iko ajali ambayo ndani yake kiambishi kimoja kilibeba uzito mkubwa.

Asubuhi ya tarehe 25 Septemba 1978, juu ya mji wa San Diego huko Marekani, ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ya kampuni ya PSA ilikuwa ikishuka kwenda kutua. Anga ilikuwa safi. Mbele yake na chini kidogo ilikuwako Cessna 172. Waongoza ndege waliwaambia marubani wa Boeing habari ya Cessna ile zaidi ya mara moja, nao marubani wakajibu kwamba wanaiona. Ndipo wakaachiwa kazi ya kujitenga nayo kwa macho. Baadaye wakaipoteza. Cessna ilikuwa chini, karibu na ukingo wa kioo, na nyuma yake ilitandazwa mitaa ya mji. Walisema kwa redio kwamba walikuwa nayo dakika iliyopita, na kwamba wanadhani *imepita* kuliani kwao. Mwongoza ndege, kwa ushahidi wake mwenyewe, alisikia kwamba *inapita* kuliani kwao. Katika Kiingereza tofauti ilikuwa ya mwisho wa kitenzi tu. Kwa yule aliyesema, Cessna haionekani tena, na habari yake ni dhana. Kwa yule aliyesikia, Cessna yaonekana sasa hivi, na hapana hatari. Ndege ziligongana, na watu 144 wakafa, wakiwamo 7 waliokuwa ardhini. Wachunguzi walisema kwamba marubani wa Boeing hawakutimiza wajibu wa kujitenga kwa macho, wala wa kumwarifu mwongoza ndege kwamba hawaioni tena Cessna.

Wasemaji wa Kiswahili tusijivune kwamba lugha yetu ingewaokoa. *-Na-* na *-me-* ni silabi fupi, zisizobeba mkazo, zilizo katikati ya neno; katika mvumo wa redio *inapita* na *imepita* ni mapacha. Lakini Kiswahili kina silaha nyingine ambayo yafaa tuikumbuke, nayo ni *-ja-*. Rubani akiambiwa kuna ndege mbele yake, aweza kujibu kwa njia tatu. Akisema "Hakuna," amefunga habari, naye hana haki ya kuifunga, kwa maana kutoona si ushahidi wa kutokuwako. Akisema "Siioni," ameeleza hali yake ya sasa tu. Akisema "Sijaiona," ameeleza mambo mawili kwa neno moja: kwamba hajaipata, na kwamba angali anaingoja. *-Ja-* huacha mlango wazi. Mtu asemaye "sijaiona" amejiwekea deni la kuendelea kutazama.

Najua kwamba katika anga ya Afrika ya Mashariki marubani na waongoza ndege husemezana kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi hufikiri kwa lugha yake, huelezana na wenziwe kwa lugha yake, na ajali ikitokea, jamaa za marehemu hupata habari kwa Kiswahili. Hapo ndipo maneno yetu huponya au hujeruhi. Tukiandika "Rubani *hakuiona* ndege nyingine," mzigo wote umemwelemea mtu. Tukiandika "Ndege nyingine *haikuonekana*," mzigo umehamia kwenye kitu, na huenda pasiwe na wa kuulizwa. Mchunguzi mwaminifu huuliza yote mawili, kila moja kwa zamu yake: je, ilikuwa yaweza kuonekana kutoka pale alipoketi? Na kama iliwezekana, je, alitazama upande ule? Kuruka kutoka "hakuona" kwenda "hakutazama", na kutoka "hakutazama" kwenda "alizembea", kama alivyofanya mama mkubwa jioni ile, ni kupanda ngazi mbili bila kukanyaga.

VII. Aliyeambiwa na asiyeambiwa

Asubuhi ya siku ya pili yake kijana wetu alituita nje. Ndege ndogo ilikuwa ikipita kuelekea magharibi. Ilipokuwa juu ya ukingo wa milima ya Uluguru, mbele ya mbingu nyeupe, sote tuliiona kama kitone cha wino. Kisha, kwa jinsi tulivyosimama, ikawa chini ya ukingo ule, mbele ya kijani na buluu ya mlima, nami nikaipoteza. Ngurumo yake ilikuwa bado masikioni mwangu. Nilitazama huku na huku, sikuona kitu.

"Imekwenda," nikasema.

"Ipo, mjomba. Shika mti ule mkavu, kisha panda juu yake, kushoto kidogo, penye kivuli cha bonde."

Nikaiona mara moja. Na mama mkubwa, ambaye macho yake yana miaka zaidi ya 70, alikuwa ameiona kabla yangu, maana alimsikiliza kijana wakati mimi nilipokuwa ningali nakodoa.

"Basi na mwenye macho huambiwa," akasema, akarudi jikoni.

Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa marubani walio angani yalifikia neno lilo hilo kwa hesabu: sekunde 1 ya kutazama kwa rubani aliyekwisha kuarifiwa kwamba kuna ndege upande fulani hufaa sawa na sekunde 8 za rubani asiyearifiwa. Hivyo macho ni yale yale, na anga ni ile ile. Kilichozidi ni neno.

Kazi kubwa iliyofanywa baadaye kwa usalama wa anga ni ya kuongeza wasemaji wa neno hilo. Yuko mwongoza ndege mwenye rada. Yako marubani wenyewe, wanaotangaza kwa redio mahali walipo na kimo chao karibu na viwanja visivyo na mnara. Kiko pia chombo cha onyo kilichomo ndani ya ndege kubwa, ambacho hupeleka maulizo kwa ndege za jirani, hupima majibu yake, na hatimaye humwamuru rubani apande au ashuke. Tangu mwaka 2005 kanuni za kimataifa zimetaka ndege za injini za tabo zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700, au zenye nafasi ya abiria zaidi ya 19, ziwe nacho. Lakini chombo hicho husikia tu ndege yenye transponda inayojibu. Na karibu na ardhi, chini ya kiasi cha futi 1,000, amri zake huzuiliwa, kwa sababu huko hakuna nafasi ya kushuka, na maonyo yasiyo na maana yangekuwa mengi. Kwa hiyo mahali ambapo ndege hukusanyika zaidi, yaani karibu na viwanja, kubwa na ndogo, za abiria na za wanafunzi, ndipo macho ya watu na maneno ya watu yangali yanahitajiwa zaidi. Wilson, kiwanja chenye jina la Bibi Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, ni mahali pa namna hiyo, na vingi vya viwanja vyetu vidogo viko hivyo.

VIII. Maombi kwa wenzangu

Natoa mapendekezo matatu, nami nitafurahi kusahihishwa.

Kwanza, jina la ile kanuni. *Kuona na kuepa* limekwisha kutumika, lakini ni tafsiri ya ahadi isiyotimizika. Napendekeza *kutazama, kuarifiana na kuepa*. Ni refu zaidi, lakini kila neno lake ni tendo ambalo mtu aweza kuamriwa, kufundishwa, na kuulizwa.

Pili, katika kufundisha, tushike ngazi zetu nne bila kuzichanganya: *kutazama*, *kuona*, *kutambua*, *kuepa*. Mwanafunzi ajuaye kwamba kila ngazi ina muda wake na upofu wake hatadhani kwamba macho mazima yatosha.

Tatu, katika kuandika habari za ajali, neno *hakuona* lisitumiwe kana kwamba ni hukumu. Ni mwanzo wa uchunguzi. Wale wawili waliokufa Nairobi, mwalimu na mwanafunzi, wana jamaa wanaosoma na kusikiliza Kiswahili, na haki yao ya kwanza kwetu ni kwamba tusiseme kwa kiambishi kimoja jambo ambalo wachunguzi huhitaji miezi kulisema.

Methali ya wazee sikuitia dosari. Ilitungwa kwa watu waendao kwa miguu, ambao hugongana bega kwa bega, wakaombana radhi, wakaendelea na safari. Kwa waendao mita 122 kwa sekunde, mwenye macho hana budi kuambiwa tazama. Tena aambiwe upande gani, aambiwe mapema, na mwenye kumwambia asinyamaze mpaka amesikia "nimeiona".